Mtu wa Upande wa Pili wa Waya

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Fundi Waya, ndivyo ninavyojulikana na wote. Umri: miaka 41. Kazi: fundi wa kompyuta. Makazi: nyuma ya kiwanda cha mikate.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimesikia kijana fundi wa kudarizi yuko mahabusu, kaka yake akidai alivunja karakana na kuiba michoro ya nembo za shule iliyomo kwenye kompyuta. Hakuvunja. Nilikuwepo.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, mdogo huyo aliniita karakanani kwao. Kaka yake alikuwa amesafiri. Aliyetufungulia mlango ni mama yao mzazi, kwa ufunguo. Alisema, "Hii michoro aliichora baba yao. Kila mmoja awe nayo."

Kompyuta ya kaka ni kuukuu, haina pa kuchomeka kifaa chochote cha siku hizi, ila tundu moja la waya la kizamani. Nilipitisha waya dirishani hadi chumba cha pili, kwenye kompyuta ya mdogo, nikaweka programu ya mawasiliano kwenye zote mbili. Mwanzoni yalikuja matakataka matupu kwenye kioo kwa sababu kasi ya kutuma ya moja na ya kupokea ya nyingine zilipishana. Mdogo akacheka, "Hata mashine zetu hazisikilizani." Nikalinganisha kasi, zikaelewana.

Programu ile haichukui kitu kwa nguvu. Huku lazima mtu aiamuru ipokee, na kule mtu aiamuru itume. Mimi na mdogo tulikuwa huku, kwenye kompyuta ya mdogo. Kule, kwenye ya kaka, alikaa mama. Nikiita, "Tayari, mama," anabonyeza. Alituma mchoro mmoja mmoja mpaka saa saba, chai yake ikapoa mezani. Ya kaka ipo palepale, maana tulinakili tu.

Leo nimemkuta mama kwenye benchi hapo nje. Amenishika mkono, akasema, "Mwanangu, usinitaje. Nakaa kwa mkubwa, akinifukuza nitakwenda wapi?" Mdogo naye amefunga mdomo ili kumkinga. Imeniuma, na kusema kweli nimekasirika pia. Lakini siwezi kusema kompyuta ilijituma yenyewe. Nimemtaja.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, ni sawa.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya askari: Nimeandika na kumsomea shahidi. Nilipofungua mlango nimwite mama, nilimkuta amesimama hapo hapo, mkoba mkononi. Alisema, "Andika na yangu, kisha unifungulie mtoto."