Dawa za Mama, Mara Mbili

Molo, Jumapili, Juni 1956

Afadhali mhariri angenitukana. Ameandika tu kwamba jarida lake halitaki kitu kilichochapishwa kwingine, na kwamba nisimtumie tena makala yoyote.

Miezi minane sikupata jibu lake. Nikadhani makala imepotea posta, nikatuma nakala yake kwa jarida lingine bila kumwarifu yeye. Sasa majarida yote mawili yameitoa, katika mwezi mmoja. Mhariri wa pili naye akijua, basi nimekwisha.

Leo nilimpelekea Mama majarida hayo kule anakochuma maua ya pareto, maana makala ni ya dawa za ng'ombe, na maneno ni yake. Hajui kusoma. Nilimwonyesha jina lake, akaliwekea kidole, halafu akalitafuta mwenyewe katika jarida la pili mpaka akalipata.

"Wameipenda hivyo?" akauliza. "Hata wakairudia?"

Nikasema ndiyo, Mama.

Akafuta mikono kwenye leso, akaketi chini. "Basi toa kalamu, mwalimu. Ile dawa ya ndama sikukuambia yote."

Nikatoa. Ameongea mpaka jua likazama, nami nimejaza kurasa sita. Sina mhariri wa kumpelekea.