Jina Ambalo Mwanangu Hatalibeba

Baba,

Mwanangu amefikisha siku tisa bila jina. Hospitali walimwandika "mtoto mvulana" tu, wakatupatia fomu tukaijaze nyumbani. Imekaa juu ya friji hapa Brooklyn Park, chini ya boksi la nepi, na kila anayeingia jikoni anajifanya haioni. Ni Kimani wangu peke yake, mwenye miaka mitano, anayeuliza. Anauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, mdogo wake anaitwa nani, na sisi watu wazima watatu tunatafuta kazi ya kufanya.

Wewe unajua alipaswa kuitwa nani. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la baba wa mume, wa pili la baba yangu. Nimemngoja huyu wa pili tangu tulipokuzika. Mimi ndiye mtoto wako wa pekee, ulinizaa ukiwa na mvi tayari, na daktari ameniambia kwa miaka yangu arobaini na moja nisithubutu tena. Wanawake wa kwetu humwita "Baba" mtoto aliyepewa jina la baba yao. Nilitaka kulisema neno hilo tena, mtu ageuke.

Mama mkwe alikuja kutoka Kenya kunihudumia. Ananipikia uji na njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, ananikanda mgongo, anagombana na theluji dirishani kana kwamba inamsikia. Siku ya tatu nikamwambia, huku nacheka, leo tunamwandika Njuguna, jina lako. Akaweka mwiko chini. Akaniuliza kama vile vidato vya mawe vya kushukia mtoni kwetu bado vipo, na kama cha tatu kutoka chini bado kinacheza.

Baba, huyu mama hajawahi kukanyaga kwetu. Hata siku ya posa alisema miguu inamuuma, akatuma wengine. Angejuaje? Nina kovu gotini la kidato kile. Ulinibeba mgongoni mpaka nyumbani, ukaniambia kosa ni lako, kwa sababu mawe yale uliyapanga kwa mikono yako na hilo moja likakushinda. Nilikuonea huruma.

Mama mkwe akaniambia: aliyeyapanga ni baba yake yeye. Shamba lilikuwa lao.

Kwamba ulikuwa homugadi, mlinzi wa kijiji upande wa Wazungu, zama za Hali ya Hatari, nilijua. Hukuficha. Ulisema uliwaogopa watu wa msituni kuliko ulivyowapenda Wazungu. Nilijua Wazungu walikufanya hakimu wa mahakama ya Waafrika, na baada ya uhuru ukagombea udiwani, kisha ubunge, watu wakakupigia kura wakiimba. Sikujua kwamba mtu mmoja aliletwa mbele yako kwa kula kiapo cha Mau Mau, mkewe na binti yao mdogo wakikaa nje kwenye nyasi, na kesi ikaisha kabla uji waliombebea haujapoa. Hakuulizwa neno. Alipelekwa kambini akafia huko, na kaburi lake hawalijui mpaka leo. Serikali ikakupa shamba lake kwa utiifu wako, ukahamia, ukapanda kahawa. Pale ndipo nilipozaliwa.

Mtu huyo aliitwa Gathogo. Ndilo jina la mume wangu. Mama yake humwita "Baba" kwenye simu, mezani, kila mahali, na mimi miaka yote nimekuwa nikiwatania.

Nilimuuliza kwa nini alikubali tuoane. Akaniambia: "Nilijua tangu siku ya posa, Mama Kimani. Lakini mtoto wangu alikupenda, na wewe hukumfunga mtu. Mwandike ukitaka. Nitamwogesha, nitambeba. Jina hilo tu ndilo mdomo wangu hauwezi."

Nilipombana Gathogo alisema, "Mimi siwezi ku-decide, ni babako," akachukua ufunguo wa gari akaenda kazini Oakdale saa nzima kabla ya zamu yake.

Nimelia mpaka maziwa yamepungua. Ungeniambia, Baba. Ulikaribia miaka mia, na kila Jumapili tulikuwa kwenye simu. Unakumbuka siku nilipokutajia ukoo wa Gathogo? Ulinyamaza. Mimi mjinga nikadhani mtandao umekatika, nikawa naita halo, halo. Kisha ukasema ni watu wazuri, olewa. Ulijua. Ulikuwa na pumzi ya kusema neno moja na hukulisema, ukaniachia mimi nije kulisikia jikoni kwangu, na mshono wangu mbichi, kutoka kwa mtu uliyemnyima baba.

Leo asubuhi nimejaza fomu. Nimeandika Mwaura, jina la mjomba wangu, ndugu yake mama yangu, yule aliyefuga nyuki na hakuwahi kuwa na cheo chochote. Niliharibu herufi ya kwanza, nikaiandika upya. Najua nilichofanya. Huna mtoto mwingine, na kwetu mtu ambaye jina lake halipewi mtoto yeyote amekwisha. Nimekumaliza mimi, niliyekupenda kuliko watu wote, na sijui kama nimetenda haki. Jambo kama hili ni wewe ningekuuliza.

Mama mkwe aliposikia jina alimchukua mtoto, akamwita mara mbili. Mimi nilitoka nje bila koti, nikasimama kwenye baridi mpaka Kimani alipogonga kioo.

Siwezi kukuchukia. Nimejaribu siku sita zote. Ila nakuahidi hili: akikua akaniuliza habari za babu yake, nitamwambia yote, mazuri yako na lile shamba, na sitakutetea.

Kwaheri, Baba. Sitamwita mtu mwingine hivyo.

Binti yako