Ile Nyama ya Pasaka

Asella,
Machi 2022.

Kaka yangu Zerihun,

Nakusalimu kwa heshima na kwa aibu pia, na natumaini joto la huko Moyale halijakumaliza. Hujambo? Mgongo vipi, maana nimesikia unabeba magunia stendi, kazi ambayo hukuizoea? Sisi huku tuzima kwa kiasi chetu. Mvua imechelewa na shayiri haijapandwa. Mama miguu inamvimba lakini kanisani anafika. Simu zangu hupokei, wala sikulaumu, ndiyo maana nimemwomba dereva wa lori akufikishie barua hii mkononi. Tafadhali usiichane kabla hujafika mwisho.

Bucha yako bado imefungwa. Rangi ya mlango imebabuka, na watoto wa jirani wamechora ng'ombe mwenye pembe tatu pale ulipokuwa ukining'iniza mapaja. Watu wakipita bado wanataniana. Juzi nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake aende kwa Zerihun akanunue kilo mbili, na jeneza apewe bure. Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mimi nilikuwa nyuma yao na ndoo ya maji, nikanyamaza. Kunyamaza nimekuwa hodari sana tangu mwaka jana.

Nianzie basi hapo, Pasaka ya mwaka jana. Unakumbuka nilivyokuja kutoka Adama Ijumaa Kuu nikiwa nimekonda, Mama akasema hoteli ninayofanyia kazi ni ya wachawi. Wiki nzima nilikuwa ninaharisha. Chakula sikitaki, hata harufu ya kitunguu inanichefua. Nilijiambia ni mfungo tu, siku hamsini na tano za dengu na kabichi, tumbo gani lisingechoka? Kifua changu kilikuwa safi. Sikukohoa hata mara moja.

Asubuhi ya Pasaka ukaja na ile nyama ya paja, nyekundu, umeifunga kwenye kitambaa cheupe, ukaikata mbele ya Baba ukimtania kwamba meno yake yamesahau kazi. Baba alifurahi mno. Alikula mbichi, na pilipili, kama alivyofanya kila mwaka wa maisha yake. Sote tukala, isipokuwa mimi niliyesema tumbo linanisumbua.

Siku ya tatu ndipo Baba alipoanza kuugua. Alisema chakula hakina ladha, akasukuma sahani. Kisha akatapika, kisha tumbo likafunguka kama maji, mara nane, mara kumi kwa siku. Nani angefikiria kingine? Mtu kavunja mfungo kwa nyama mbichi, tumbo limechafuka, basi ni nyama. Mama akasema ni minyoo ya ng'ombe mgonjwa, akachemsha kosso, ile dawa chungu ya minyoo, akamnywesha bakuli zima, na wewe unaijua kosso inavyosafisha tumbo hata la mtu mzima wa afya. Baada ya hapo Baba hakuweza hata kwenda chooni mwenyewe.

Ulikuja kumwona jioni hiyo ukafukuzwa. Ulimuuliza Mama, nimeuza ng'ombe mzima, mbona mtaa mzima hauharishi? Baba kutoka kitandani akasema usikanyage tena nyumba yake, mwana anayemlisha baba yake mzoga si mwana. Nilikuwa nimeshika beseni lake. Ulinitazama mimi, Zerihun, ukingoja niseme neno lolote. Nikainama nikajifanya ninafuta sakafu.

Siku ya sita pumzi ikaanza kumkatika, bado kikohozi hakuna. Tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi akampima puani, akatuita pembeni mimi na Mama, akasema ni korona. Mama akakataa kabisa, akasema korona ni ya kifua, huyu anaumwa tumbo. Yule dada akaeleza kwa upole kwamba mlango ambao kirusi hiki hupitia mapafuni uko pia kwenye utumbo, tena umejaa huko, na wapo wagonjwa wanaoanza kwa kuharisha na kutapika siku kadhaa kabla kifua hakijaguswa. Akasema nguvu kidogo alizokuwa amebaki nazo Baba zimemwagika kwa ile kosso. Akaandika karatasi tumpeleke hospitali kubwa apate oksijeni. Tukamrudisha nyumbani kungoja gari, na lilipofika Baba alikuwa ameshakata roho.

Ile karatasi Mama aliitia kwenye jiko la mkaa. Akaniambia wanachama wa idiri, wenzetu wa kuzikana, wakisikia korona hawatasimamisha hema, hakuna atakayemwosha wala kumlilia, mume wake atazikwa na watu watano kama mwizi. Akasema nyama watu huisahau, na wewe ni mwanamume, utavumilia. Basi Baba akazikwa na watu mia mbili, na jina lako likazikwa siku hiyohiyo.

Sasa nikuambie ambalo hata Mama hakulijua.

Hotelini walitupima sote kabla ya sikukuu. Majibu yangu yaliniingia kwenye simu Jumamosi, nikiwa uani ninamenya vitunguu vya mchuzi wa kuku. Ninayo korona. Niliusoma ujumbe mara mbili, nikajisemea moyoni, korona gani ya kuharisha? Nikaufuta. Niliogopa kurudishwa Adama peke yangu siku ya Pasaka. Na kesho yake Baba alipofumbua kinywa akaomba nimlishe tonge la sikukuu kama desturi, nilikaa ubavuni pake, nikakunja nyama yako ndani ya injera, nikamlisha kwa vidole vyangu. Mara tatu. Sijui ilipita kwenye vidole au kwenye pumzi yangu. Ninachojua ni kwamba niliingia nayo nyumbani kwake.

Jumapili iliyopita idiri walikutana kupanga kumbukumbu ya mwaka. Nilisimama nikawaambia yote, yangu na ya ile karatasi. Ato Worku, mwenyekiti, akamgeukia Mama akamuuliza kama ni kweli. Mama akasema mumewe alikufa kwa nyama, na kwamba binti yake anampenda kaka yake kupita kiasi. Watu wakaguna. Mmoja akauliza, korona gani ya kuharisha? Wote wakacheka, hata Ato Worku. Muuguzi alishahamishwa, sijui wapi. Ujumbe niliufuta mwenyewe. Waliniambia nikae, wakaendelea na hesabu ya sahani.

Kwa hiyo sijakusafisha, kaka. Nimechelewa, na hakuna anayeniamini. Sikuombi msamaha wala usijilazimishe. Nataka tu ujue wewe, hata kama mji mzima hautajua, kwa sababu nimeambiwa huko Moyale hugusi nyama wala kisu, na kwamba ukilewa unalia ukisema umemuua baba yako.

Wasalimie unaoishi nao. Mama ningependa kuandika kwamba anakusalimu, ila tangu Jumapili hajafungua mdomo kwangu. Jikinge na jua, ule vizuri.

Nyama yako ilikuwa safi, Zerihun.

Ni mimi mdogo wako,
Askale