Majina Mawili Chini ya Rangi ya Trekta

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, mlima umejifunika mawingu.

Kwa jina la Mungu, mwingi wa uvumilivu kwa wazee wenye shingo ngumu. Nawasalimu nyote mnaofungua ukurasa huu, wakubwa kwa heshima, wadogo kwa upendo.

Leo naandika kwa moyo mtulivu, ingawa ninachokiandika ni kosa langu.

Trekta la marehemu baba yangu, mzee Aloisi, limesimama hapa kihambani, shamba letu la nyumbani Kibosho, tangu lilipoacha kulima mashamba yetu ya Kahe. Jumapili ya mavuno litabarikiwa kanisani, nami niliagiza kibao chenye jina la baba peke yake. Stani, mtoto wa baba mdogo Damiani, alipinga mbele ya kikao cha ukoo. Alisema baba zetu walilinunua pamoja na kulima pamoja: mmoja kwenye usukani, mwenzake ameketi juu ya madigadi, bati linalofunika gurudumu, akiangalia jembe.

Nilimjibu kwamba anasema uongo juu ya makaburi.

Mimi, katekista mstaafu, niliyewafundisha watoto wa watu kutomshuhudia jirani uongo. Tangu siku hiyo Stani hajaniamkia. Tukipishana njiani, yeye hutazama migomba.

Asubuhi fundi Hamisi alipanda kutoka Mabogini kulikwangua trekta rangi kwa msasa. Haukupita muda akaniita: "Mzee, njoo na miwani. Chuma hiki kina maneno."

Ndani ya kifuniko cha sanduku la spana, chini ya rangi nyekundu na ya bluu iliyotangulia, yamechongwa kwa tindo majina mawili: ALOISI NA DAMIANI. Chini yake, msalaba mdogo. Kisha Hamisi akanionyesha madigadi ya kushoto. Bati limebonyea na kulainika, kiasi cha mtu mzima kuketi. Utotoni nilipenda kukaa hapo, nikiamini pametengenezwa kwa ajili yangu.

"Nipake rangi, mzee, au nisubiri?"

"Subiri."

Aliyeyafunika majina yale simjui, wala sababu yake. Kosa langu ninalijua.

Nilikwenda mpakani mwa kihamba, nikakata jani la sale, nikalifunga fundo. Kwetu, anayekuja na jani hilo kuomba radhi hafukuzwi. Lakini ni vigumu mkubwa kulibeba kwenda kwa mdogo. Miaka mingi nimewashauri wengine walibebe. Sikujua ni zito hivyo.

Stani alikuwa akiwakatia ng'ombe majani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Nilikuita mwongo mbele ya ukoo. Mbele ya ukoo nitalifuta neno hilo."



"Katekista," akasema, "kila siku unatuhubiria tuamini bila kuona. Mimi umehitaji msasa ndipo uniamini?"

Nilicheka kwa aibu. Naye akacheka, akaweka panga chini, akajifuta viganja kwenye suruali, akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu," nikaitikia.

Kibao kitachongwa upya. Kifuniko kile hakitapakwa rangi tena.

Mungu akulinde wewe usomaye, pamoja na wote walio chini ya paa lako. Na kama yupo ndugu anayekupita bila salamu, akupe miguu ya kumfuata kungali mchana.