Nilikata Mpira wa Mashine ya Presha ya Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi wa ukurasa wa nane, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana maji yamenifika shingoni na aliyefungulia bomba ni mimi mwenyewe.

Mimi ni karani mstaafu, nina mke, na tunaishi na mama mkwe tangu afiwe na mumewe miaka miwili iliyopita. Katika vitu alivyoacha marehemu kuna kalamu ya wino ya zamani, ile yenye kikono kidogo ubavuni cha kuvutia wino, na mpira wa ndani unaohifadhi huo wino ulikuwa umeoza ukawa unga, na mama alikuwa akiitoa kwenye sanduku, anaishika, anairudisha, basi nikajiambia nitaitengeneza kwa siri nimfurahishe. Shangazi, sikujua kwamba vifaa vya kalamu hizi ni adimu kama maziwa ya kuku. Nilianza kwa muuza vifaa vya ofisi, akanicheka na kuniuzia kalamu ya plastiki, nikaenda kwa fundi saa, akanituma kwa fundi baiskeli, naye akanipa mpira wa valvu mwembamba kama njiti, nikajaribu puto likapasuka mezani, na hapo ndipo nikaanza kuvitazama vitu vya nyumbani kwa jicho la mwizi.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu iwe gundi, nikachukua poda ya mama ili niupake mpira usigandamane, nikachukua mashine ya kukaushia nywele ili kalamu ipate moto ifunguke, mke wangu akawa ananitazama kwa chati nikitoka bafuni nanukia poda na kidole gumba chekundu. Kilichobaki ni mpira, na mpira nikauona kwenye mashine ya presha ya mama, ile ya zamani ya kubonyeza kwa mkono yenye mshale, mpira wake mrefu mpaka unakunjwa, nikasema huu una ziada, nikachukua mkasi nikakata urefu wa vidole viwili, nikaunga kwa selotepu.

Kesho yake mke wangu, ambaye ndiye hupima, akakuta presha imeshuka. Keshokutwa imeshuka tena. Shangazi, ni hewa inavuja pale nilipounga, mshale unateremka mbio kabla mke wangu hajasikia mapigo ya kwanza, kwa hiyo anasoma namba ya chini kuliko ilivyo, na mimi nimekaa pembeni nausikia upepo ukitoka. Mama amefurahi mpaka kulia, anasema amepona, tangu juzi ameacha dawa na kurudia chumvi, na Jumamosi amealika ndugu na majirani kushukuru, na atakayesema neno ni mimi, kwa sababu eti utulivu wangu humu ndani ndio uliomponya. Nikisema ukweli nitamvunja moyo, na heshima yangu ya mkwe imekwisha, nikinyamaza naogopa tutamzika akicheka. Nifanye nini? Ukitaka kupiga simu, namba ya nyumbani ni hiyo hapo chini, piga saa nane mchana, mama huwa amelala. Samahani kwa madoa, naandika kwa kalamu yenyewe, inakwenda mistari mitatu kisha inatapika.

Mkwe Mwenye Mkasi

SHANGAZI ANAJIBU

Mkwe Mwenye Mkasi,

Barua yako imeniharibia kitambaa cha meza na gauni moja, lakini si hilo lililoninyanyua kitini. Naelewa ulitaka kumfurahisha mama wa watu, na wakwe wanaokumbuka kalamu ya marehemu ni wachache. Hata hivyo umemkatia mgonjwa mpira wa kupimia ugonjwa wake, kisha ukakaa unamtazama akijitilia chumvi. Hiyo heshima unayoilinda ni ya nani? Akianguka mbele ya wageni, utasema neno gani?

Sikungoja gazeti litoke. Nilipiga saa nane kama ulivyoelekeza, ila ulisahau jambo moja: mwanamke uliyemponya kwa mkasi halali tena mchana. Alipokea yeye mwenyewe huku anahema, alikuwa anasogeza makabati. Akasema wewe umetoka, yeye ni mama yako, niseme tu. Nikasema. Siri ya kumlaza mtu kitandani mimi siitunzi. Jioni ile ile alikwenda zahanati na jirani yake, kisha akanipigia kunieleza kwamba presha ilikuwa juu kuliko kabla ya muujiza wako. Amerudia dawa zake, anazimeza chumbani. Kile kichupa cha chumvi unachomwona akikitikisa mezani hakina kitu. Hajamwambia hata binti yake. Anakungoja wewe uanze, na gazeti hili hulisoma ukishamaliza wewe, kwa hiyo muda unao, lakini si mwingi.

Sasa fanya hivi. Nenda ukakae mbele yake useme, "Mama, mimi ndiye niliyekata." Usianze na habari za kalamu, wala za nia njema. Ukitoka hapo mweleze mke wako, na umnunulie rangi mpya ya kucha, mama anasema amekuwa na mawazo mabaya kuhusu kidole hicho chekundu kwa wiki nzima. Nunua mashine mpya ya presha leo, uende nayo zahanati wakuhakikishie kwamba inapima sawasawa. Vifaa vya fundi hutafutwa kwa mafundi na kwa wauza vitu vya zamani. Siku nyingine nunua kalamu mbovu uzichinje hizo, uwaache wagonjwa na mipira yao. Jumamosi wageni waje kama walivyoalikwa, na wewe ndiye utakayepika, bila chumvi.

Na kuhusu huo moyo unaoogopa kuuvunja, kabla ya kukata simu ile ya saa nane mama aliniuliza swali moja tu, kama kalamu inaandika. Nikamwambia inaandika mistari mitatu, kisha inatapika.

"Hata kwa marehemu ilikuwa hivyo hivyo," akasema. "Mwambie asiiguse tena."

Basi mpelekee leo, na kitambaa cha kufutia vidole.