Nazi Moja Kasongo

Jumatano, 1 Shaabani 1303

Mlango wa yule tajiri wa mtaa wa juu bado. Mti wa huku mgumu, patasi inateleza. Nimechonga ua moja tangu asubuhi.

Jioni ugali wa muhogo na sombe. Jana sombe. Juzi sombe. Mke wangu Mwamini anaitwanga vizuri, mawese anatia ya kutosha, siwezi kusema amekosea. Lakini mtu hawezi kula majani ya muhogo miaka sita asinung'unike.

Mchele upo. Sisi watu wa pwani tumeulima hapa mpaka umezagaa. Vitunguu vipo, ndimu zipo, mapapai yanaoza chini. Nazi hakuna. Wali bila nazi naula, lakini kwetu Pangani huo tulimpa mgonjwa.

Jumapili, 5 Shaabani

Mtu kaja kutoka Kabambare. Msafara wa Hamisi umefika huko kutoka pwani. Hamisi tulicheza naye utotoni, nyumba zetu zilitazamana. Ana kitu changu kutoka kwa mama. Kitu gani, mjumbe hajui. Anajua tu kwamba kikitikiswa kinalia maji.

Sikumaliza kusikiliza. Kesho naondoka. Mwamini ameuliza kama nitachukua muhogo wa njiani au karanga. Nimesema vyote.

Jumatatu, 13 Shaabani

Kabambare. Miguu imevimba.

Hamisi amekonda, ndevu zimeota mvi upande mmoja. Mama alimpa nazi mbili na fundo la chumvi ya bahari. Nazi moja aliila alipokuwa anasubiri kuvuka Tanganyika. Amekiri bila haya, akasema hata mimi ningeila. Kweli ningeila.

Ya pili hii hapa, na makumbi yake. Nimeitikisa sikioni. Maji bado yanacheza. Nimelia mbele za watu, na sijali.

Salamu za mama: macho yanafifia, nirudi angali anautambua uso wangu. Hamisi anarudi pwani baada ya Idi na atapita Kasongo. Anasema kuna nafasi yangu. Hakusema kuna nafasi ya mke na mtoto, nami sikuuliza.

Hapa sokoni yuko mama mmoja wa Tanga, anakaanga vitumbua kwa mawese. Vyekundu kama matofali. Nimekula mpaka akaniuliza kama nyumbani sina mke.

Jumatatu, 20 Shaabani

Nyumbani. Mtoto wetu Asha aliiona nazi akakimbia, akidhani ni kichwa cha mnyama. Mwamini hajapata kuiona maishani. Ameinusa, ameigonga kwa ukucha, akaniuliza inaotea wapi. Nimemwonyesha upande wa kikonyo. Akatikisa kichwa na kurudi kwenye kinu.

Nimeitundika darini juu ya moshi. Nimewatangazia wenzangu wa pwani wote: siku ya Idi, wali wa nazi kwangu. Nazi moja kwa watu wote hao. Tui litakuwa la kunusa tu, lakini harufu yenyewe yatosha.

Nimeanza sanduku la safari. Mbao nzuri, zilizobaki kwenye mlango wa tajiri. Mwamini amesimama akalitazama kimo na upana.

Jumanne, 28 Shaabani

Tumevunja jungu. Kuku wawili, wali, ndizi. Wenzangu wamekaa wakisifia mashamba ya nazi waliyoyaacha kwao. Kwa hesabu yao pwani yote ni yao, haibaki hata mnazi mmoja wa mtu mwingine.

Jirani yetu, mzee wa kabila la Wazimba aliyesilimu zamani, alinitania mbele yao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; huyu fundi ana miaka sita na jembe hajashika. Shamba lote la mke. Watu walicheka. Mwamini hakucheka.

Alhamisi, 1 Ramadhani

Tumefunga. Kufuturu: uji wa mchele, ndizi mbivu, kunde zilizopikwa kwa karanga mbichi za kutwanga. Kunde zilikuwa nzuri. Naandika kwa kuwa ni haki yake. Kumwambia sikumwambia.

Jumamosi, 10 Ramadhani

Hamisi amefika. Pembe za ndovu zinakusanywa uwanjani, na watu pia, wamefungwa shingo kwa shingo. Baadhi yao ni Wabangubangu, kabila la Mwamini. Alipita na mtungi, akamgeuza Asha uso ukutani, wakasimama hivyo mpaka mstari ukaisha. Mimi nilikuwa upande wa pili nikizungumza na Hamisi. Niliona aibu. Sikuvuka.

Nimempa Hamisi neno langu: naenda. Mama ana macho ya mwaka mmoja, labda miwili. Nitakwenda nimwone, kisha nitarudi. Hivyo ndivyo wanavyosema wote. Namfahamu mmoja tu aliyerudi, na alirudi kwa sababu ya madeni.

Mwamini sijamwambia. Kila jioni nasema kesho. Mwoga.

Ijumaa, 16 Ramadhani

Nazi haipo darini.

Nimetoka msikitini, nimeinua macho kama kila siku, kamba inaning'inia tupu. Nimepekua nyumba nzima. Nimekwenda kwa jirani nikamtolea maneno yasiyofaa, mzee wa watu amefunga, hana hili wala lile. Nimerudi nyumbani.

Mwamini alikuwa anapeta mchele. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba nazi iko nyuma ya nyumba, karibu na ndizi. Ameizika juzi, na kila asubuhi anaimwagilia.

Nimepiga kelele. Nimesema ile ni nazi ya mama yangu, imetembea nchi nzima kwa mabega ya watu, na yeye ameitupa mchangani kama kiazi. Nimesema nitamwandikia talaka leo. Saumu yangu yote imekwenda na maneno.

Aliweka ungo chini. Aliniambia:

"Kwetu mutu hakule mbegu. Mwenye kukula mbegu iko mutu wa kwenda. Weye ulikuya kula ao kukaa? Sanduku nimeliona. Sema."

Nilitoka nikakaa kwa Hamisi mpaka magharibi. Hamisi alinipa tende moja, kavu, ya pwani. Niliila bila kuisikia ladha.

Jumamosi, 17 Ramadhani

Asubuhi nimechukua jembe la Mwamini, nimekwenda kuifukua. Nimekusudia kuila, hata bila wali, hata peke yangu baada ya magharibi.

Ameizika vibaya. Wima, kikonyo chini, chini sana, udongo umeshindiliwa juu. Lakini ilikuwa imeanza kumea kabla ya yote haya, kule kule darini, nami sikuona. Chini ya makumbi jino jeupe limetokeza, limejikunja likitafuta njia. Ningeivunja ningekuta joya, ile nyama laini inayojaa ndani nazi ikimea, na joya halitoi tui. Wali wa nazi wa Idi haukuwepo tangu mwanzo.

Joya ni tamu. Utotoni tulipigania joya mimi na Hamisi. Nilikuwa na jembe mkononi, hakuna aliyenizuia.

Nikapanua shimo. Nikailaza ubavu, jino juu, nusu nje nusu ndani, kama baba alivyofanya. Mikono ilifanya yenyewe, mimi nikiitazama tu. Kisha nikaingia ndani, nikachukua fundo la chumvi ya mama, nikaimwaga shimoni karibu yote. Kwetu mnazi haupandwi bila chumvi. Huku chumvi ya bahari ni kama fedha.

Mwamini alikuwa mlangoni na mtungi. Alisubiri nisogee, akamwaga maji. Nimemwambia polepole, yasije yakachukua chumvi. Hayo tu ndiyo tuliyoongea kutwa.

Jumanne, 27 Ramadhani

Nimemwambia Hamisi siendi. Ameuliza amwambie mama nini. Mama atakufa hajaniona. Hilo nalijua, na hakuna mnazi utakaolifuta.

Usiku nimemwomba Mwamini radhi kwa neno la talaka. Amesema amesikia. Hakusema amesamehe.

Jumamosi, 1 Mfunguo Mosi

Idi. Wageni wamefika na kanzu zao, pua mbele. Mwamini amepika wali kwa tui la karanga mbichi: ametwanga, amechuja mara mbili, ametia tui zito mwishoni kama nilivyopata kumsimulia mama anavyofanya. Sikujua kama alikuwa anasikiliza.

Mmoja aliuliza nazi iko wapi. Nimewapeleka nyuma ya nyumba, wakakizunguka kijimche chenye urefu wa kidole. Hamisi alicheka, akasema nitakula nazi hiyo nikiwa sina meno. Kila mmoja akatoa shauri lake: jivu, samadi, mbali na ndizi, karibu na ndizi. Walisimama pale muda mrefu kuliko walivyokaa kwenye chakula. Mmoja alichutama akaligusa jani kwa mgongo wa kidole, kisha akaenda zake bila kuaga.

Wali ule si wa nazi. Waliunung'unikia, na sinia likarudi tupu. Nimemwambia Mwamini ni mzuri. Safari hii nimesema kwa sauti.

Jumatano, 5 Mfunguo Mosi

Msafara umeondoka alfajiri. Nimempa Hamisi kifuko cha mchele wa shamba la Mwamini kwa ajili ya mama, na kitana nilichochonga. Amwambie nazi imefika salama. Amwambie nina binti, anaitwa kwa jina lake. Hilo mama halijui. Miaka yote sikumpelekea habari, maana habari ya mtoto huku ingekuwa habari kwamba sirudi.

Nimesimama mpaka ngoma yao haisikiki. Kisha mbuzi wa jirani nikamkuta nyuma ya nyumba, hatua chache tu aufikie mnazi. Nimemfukuza. Nimelitoa sanduku nje, nikang'oa mbao zake, nikazungushia mche ua. Mbao nzuri mno kwa kazi hiyo. Jirani amepita, akaona jembe limeegemea ukuta wangu, hakutania.

Mwamini ameuliza mnazi utazaa lini. Nimemwambia Asha akifikia kitasa cha mlango, pengine. Ameupima mlango kwa macho.

Jioni ugali na sombe. Chumvi ya bahari imekwisha, ametia hii ya majivu ya majani, chungu kidogo. Nimekula. Nimeomba niongezewe.