Ng'ombe wa Mwalimu Mghoi

Voi, Jumanne, Septemba 1997

Jua limewaka tangu asubuhi, na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye kikombe changu cha chai. Nimerudi nyumbani mapema.

Naona haya.

Ofisini kwetu, tunakouza bima ya matibabu, kuna sheria moja: mke aliyepigwa na mumewe halipiwi, na bima yake inafutwa. Mkubwa wetu husema aliyepigwa jana atapigwa na kesho, na kampuni si mama wa mtu.

Wanawake wa milimani wanaijua sheria hiyo. Ndiyo maana kila mkono unaovunjika huko Werugha umevunjwa na ng'ombe. Ng'ombe kapiga teke, ng'ombe kamsukuma mtu zizini. Nasi tunacheka chinichini, tunagonga muhuri. Wengine nimewafundisha mimi mwenyewe la kusema, nikijiona msamaria mwema.

Leo kaja Mwalimu Mghoi, mkono umefungwa kwa leso. Daktari amesema asipopasuliwa wiki hii mfupa utaunga ukiwa umepinda, na ndio mkono wake wa kuandikia ubaoni. Mkubwa alipomwuliza kilichotokea, akasema ni mume wake. Hakuinamisha hata macho.

Mkubwa akatoka kupokea simu. Nikamnong'oneza Mwalimu kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, abadilishe maneno, aseme ni ng'ombe.

"Ng'ombe wangu ndiye anayenilishia watoto, dada," akanijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika. "Sitamsingizia."

Mkubwa aliporudi alimkatalia, kisha akaniachia mimi kumweleza kwamba na bima yenyewe imefutwa. Nikaeleza kwa ile sauti yangu laini ya kuwapoza watu. Najichukia kwa sauti hiyo.

Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu. Mumewe naye ni mwalimu, amekata bima hapa hapa kwetu. Je, ya mumewe nayo imefutwa?

Nikamwambia la. Yake haina tatizo.

Alichukua mkoba kwa mkono mzima akatoka, nami nikamwita mteja aliyefuata.

Kesho nataka nimwulize mkubwa swali hilo hilo, mbele ya wenzangu wote. Kazi naihitaji, Mungu anajua. Lakini nikinyamaza na kesho, ule mkono ukipinda nitasema umepindwa na nani?